Pembe Mguuni

Noeline McKerrow alikuwa na miaka kumi na mmoja siku kaka yake Lachlan alipomwita kitandani kwake akamwambia, "Weka sikio hapa." Akafunua blanketi. Muundi wake wa kushoto, chini kidogo ya goti, ulikuwa umetoa nundu kubwa kama yai la bata, na ngozi juu yake ilivutika hadi ikang'aa. Noeline akainama, akaweka sikio. Nundu ilikuwa ya moto.

"Unasikia?"

"Nini?"

"Inakua."

Noeline hakusikia kitu, lakini aliitikia kwamba anasikia, maana kaka yake alikuwa akimtazama kwa macho ya kuomba. Lachlan alikuwa na miaka kumi na sita. Kabla theluji haijayeyuka juu ya milima ya Takitimu, walikuwa wameshamzika. Daktari alisema mfupa ule ulisahau kuacha kukua. Baba yao alikuwa ametangulia miaka mitatu kabla, uvimbe wa kichwani, hata arobaini hajatimiza. Kabla yake shangazi yao Jessie, saratani ya titi, akiwa bado msichana wa kucheza dansi.

Jioni baada ya mazishi, mama yao, Effie, alikuwa jikoni akimenya viazi. Alisema bila kugeuka, "Kuna kitu katika damu ya akina McKerrow, Noeline. Usije ukakipitisha."

Noeline alilipokea neno lile kama wosia. Alipokua, na Gordon Haldane akaanza kumfuata-fuata kwenye dansi za Mossburn, alimwambia mapema ili asije akajuta. "Mimi sizai, Gordon. Kama unataka watoto, mlango ule pale."

Gordon alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabika. Alikunywa bia yake ikaisha, akaweka glasi mezani. "Basi tutafuga," akasema.

Wakafuga. Walipata kazi ya kusimamia shamba la kulungu wekundu kwenye bonde la mto Ōreti, madume mia mbili na ushei, yanayofugwa kwa ajili ya pembe zao changa, zinazouzwa kwa watengeneza dawa. Anayeijua kazi hiyo anajua ilivyo. Mwishoni mwa baridi pembe za mwaka uliopita hudondoka zenyewe, paji la uso linabaki na vidonda viwili, na kabla vidonda havijakauka pembe mpya zimeshaanza kuchomoza, laini, zimevaa manyoya kama mahameli, zimejaa damu. Hukua upana wa kidole kwa siku. Asubuhi za ukungu, madume yakisimama pamoja zizini, pembe zile hutoa mvuke. Noeline alikuwa na mkono mwepesi, madume yalimwachia azishike, lakini kila alipozishika alihisi mapigo ndani yake, na kila alipoyahisi alivuta mkono upesi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Mwaka wa 1984 mtafiti mmoja kutoka Dunedin, Daktari Pringle, aliomba kufanya jaribio pale shambani. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye vidole vya mpiga kinanda. Alichagua dume changa la miezi minane, namba yake sikioni sitini na moja, ambalo lilikuwa halijaota pembe bado. Wakalilaza kwa dawa ya usingizi, na Noeline akashika kichwa. Daktari akachana ngozi ya paji la uso, akabandua kipande tu cha utando mdogo uliofunika mfupa, akakiinua juu kwa koleo. Kilikuwa chembamba kama ganda la ndani la kitunguu.

"Watu hudhani pembe inatoka kichwani, Bibi Haldane," alisema. "Siyo. Inatoka humu. Kipande hiki kipeleke utakako, kitaota pembe hukohuko. Kinaijua kazi yake."

"Na unakipeleka wapi?"

"Mguuni. Hapa mbele."

Akaushona utando ule kwenye mguu wa kushoto, chini kidogo ya goti. Noeline alipatazama mahali pale, akaendelea kushika kichwa.

Masika yalipofika, baridi ilipokwisha mwezi wa Septemba, Sitini na Moja alitoa pembe mbili kichwani kama wenzake, na ya tatu mguuni. Ilianza kama nundu. Ikawa kidole, ikawa kiganja, imevaa mahameli yake, ya moto. Vibarua walikuja kuitazama mmoja mmoja, wakicheka cheko la watu wasiopenda wanachokiona.

"Mwaka kesho atatoa ya mkiani," alisema Barry, kibarua mkongwe. "Tumsimamishe mlangoni, tutundike makoti."

"Wewe utatundikwa wa kwanza, Barry. Rudi kazini," Noeline akamjibu.

Kiangazi kilipokwisha, dume lile lilijisugua mguu kwenye nguzo ya ua mpaka mahameli yakachunika, mfupa ukabaki mweupe na mgumu. Masika yaliyofuata, wiki ileile pembe za kichwani zilipodondoka, ya mguuni nayo ikadondoka. Baada ya siku kumi ikaanza upya. Noeline aliiokota ile ya zamani, akaipeleka nyumbani, akaiweka kwenye sanduku la viatu. Hakujiuliza kwa nini.

Mama yake alikuwa hajaambiwa. Effie alikuja Jumapili moja ya Novemba kutoka kanisani, na trei ya mikate ya jibini iliyokunjwa, akakata njia kupitia zizini kwa sababu ya tope. Ukungu ulikuwa mzito. Noeline alimwona mama yake akisimama ghafla, kisha akiinama na kuiweka trei chini, kwenye tope, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

"Nani amemfanyia hivi?"

"Daktari wa Dunedin, Mama. Ni utafiti tu."

"Fungua lango."

"Hilo ni dume, Mama. Limeshampiga Gordon mateke."

"Nimesema fungua, Noeline."

Akafungua. Effie akaingia na soksi zake za kanisani, akapiga magoti mbele ya mnyama, akaishika ile pembe ya mguuni kwa mikono miwili. Dume halikutikisika. Ukungu ulizunguka, na palikuwa kimya hata Noeline alisikia matone yakidondoka kutoka kwenye miti ya uani.

"Ya moto," alisema Effie. Kisha akaongea kwa sauti aliyokuwa hajaitumia kwa miaka kumi na saba, na hakuwa akiongea na Noeline. "Na wewe nani kakufundisha kuacha, mwanangu?"

Dume likashusha kichwa, likapumua juu ya nywele zake.

Toka siku ile Effie alikuja kila masika. Hakusema anakuja kuwatazama wao. "Nakuja kumtazama kijana," alisema kwenye simu, na mara ya kwanza Noeline alimrekebisha, mara ya pili akaacha. Gordon aliwaacha hivyohivyo. Alimwekea mkwe wake kigoda zizini, basi.

Mwaka wa nne Sitini na Moja alijikata kwenye waya. Jeraha lilikuwa kwenye ile pembe ya mguuni, ikiwa bado changa, upande wa nje, vidole vitatu kutoka chini. Likapona, pembe ikakomaa, ikadondoka, ikaingia sandukuni pamoja na zile za awali. Masika yaliyofuata pembe mpya ilipofika urefu wa vidole vitatu, ilitoa tawi dogo upande wa nje, palepale palipokuwa jeraha.

Effie alipapima kwa vidole vyake. "Anakumbuka," alisema.

"Mama, mfupa uliokatwa uko nyumbani ndani ya sanduku. Huu ni mwingine."

"Ndiyo maana nasema anakumbuka."

Noeline alipomwandikia Daktari Pringle, alijibiwa kwamba jambo hilo limewahi kuonekana kwenye pembe za kichwani, na kwamba hakuna ajuaye kumbukumbu hiyo inakaa wapi. Tawi lile likarudi kila mwaka.

Effie alifariki mwezi wa Juni mwaka 1994, kwa uzee na mapafu. Alikuwa wa ukoo wa Mackay kwa kuzaliwa. Damu ya akina McKerrow hakuwa nayo. Masika hayo pembe za kichwani za Sitini na Moja zilidondoka kwa wakati wake na kuota tena, kubwa kuliko za dume lolote pale. Mguuni hapakuota kitu. Noeline alipapapasa kila asubuhi mpaka Desemba. Palikuwa baridi kama mguu mwingine wowote. Pringle alikuwa amestaafu, na daktari wa mifugo aliyeulizwa alisema kipande labda kilizeeka. Dume lilikufa miaka minne baadaye, limelala kando ya ua, na Gordon alilizika badala ya kuita gari la mizoga.

Ikapita miaka mingi. Mwaka wa 2017 alikuja mtafiti mwingine, Ripeka Te Aika, mtaalamu wa jeni, binti wa watu wa pwani ya kusini mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya mto. Alitaka vipande vidogo vya ncha za pembe zinazokua, ili asome ni jeni zipi zimewashwa humo. Noeline, mwenye miaka sitini sasa, alimshikia madume.

"Shangazi, wewe unawaroga hawa," Ripeka alimwambia.

"Shangazi wa nani? Mimi mpika chai hapa."

"Basi shangazi mpika chai."

Siku ya tatu, wakiwa jikoni, Noeline alimuuliza kitu alichokibeba miaka hamsini. "Kwa nini haiwaui? Mfupa kukua kasi vile."

Ripeka aliacha kutafuna. "Hilo ndilo linaloniamsha mimi asubuhi. Ukisoma jeni zilizowashwa kwenye ncha ya pembe, halafu ukasoma za saratani ya mfupa ya binadamu, zinafanana kuliko zinavyofanana na mfupa wa kawaida. Mwendo uleule wa mbio. Ila kulungu ana breki. Jeni za kuzuia uvimbe, kwake zina nguvu ajabu. Anakanyaga mafuta na breki kwa pamoja."

Noeline akainuka, akaenda chumbani, akarudi na sanduku la viatu. Alizipanga pembe kumi mezani, na sita kati yake zilikuwa na tawi palepale. Kisha akamweleza juu ya Lachlan, na baba, na Jessie, na neno lililosemwa siku ya viazi.

Ripeka alisikiliza bila kucheka. "Mfupa, ubongo, titi, na wote vijana," alisema polepole. "Shangazi, mama yako alikuwa anasema kweli. Kuna familia ambazo breki moja imekatika, na inarithiwa. Lakini siyo kila mtoto anairithi. Ni nusu kwa nusu. Hukuwahi kupimwa?"

"Nilipokuwa na umri wa kuzaa hapakuwa na kipimo."

"Sasa kipo."

Ilimchukua Noeline mwaka mzima kukubali. Alikwenda kliniki ya Dunedin, akatoa damu, na kwa kipande cha mfupa wa Lachlan ambacho maabara ya hospitali ilikihifadhi tangu 1968, wakalipata lile kosa, herufi moja tu ya jeni iliyokaa pasipo pake. Wakalitafuta kwa Noeline. Daktari wa kliniki, mwanamke wa makamo, aliwakalisha yeye na Gordon, akawaambia haraka ili asiwatese.

"Huna. Hukuwahi kuwa nalo."

Noeline alishukuru, kama mtu anavyoshukuru. Kumbe ukuta alioujenga maisha yake yote ulikuwa unalinda chumba kitupu.

Gordon aliendesha gari mpaka mji wa Gore. Pale akasimama, akanunua pai mbili za nyama, wakala garini madirisha yakipata ukungu.

"Uliwapa majina?" Gordon akauliza.

"Nani?"

"Wale watoto."

Noeline alitazama mbele. Angeweza kukataa. "Wawili," akasema.

"Niambie basi."

"Ishbel. Na mdogo wake, Murray."

Gordon aliyarudia majina yale, moja baada ya lingine, kama anayewaita waje wakae kiti cha nyuma, kisha akafuta kioo kwa mkono wa koti, akawasha gari.