Shahidi wa Kuzaliwa Kwangu

Nilipopata nafasi ya kusomea ualimu ndipo ilipobainika kwamba kwenye karatasi mimi ni watu wawili. Cheti changu cha kuzaliwa kilikuwa na jina la baba yangu na la ukoo wake. Shahada ya skuli ilikuwa na jina la mume wa mama mdogo.

Wazee wangu waliondoka Unguja kwa meli miezi michache baada ya mapinduzi, wakawachukua wadogo zangu. Mimi niliachwa mjini kwa mama mdogo ili nimalize darasa, kisha niwafuate. Ruhusa za kusafiri zikawa ngumu, na habari ya kufuata ikawa haizungumzwi tena ndani ya nyumba. Mume wa mama mdogo, fundi cherehani, mtu wa maneno machache, alinipeleka skuli nyengine akaniandikisha kama binti yake. Majina ya ukoo kama letu yalikuwa mazito kutajwa mbele za watu siku zile, na yeye alitaka nisome.

"Wakiita jina langu, wewe itika," aliniambia njiani. Nikawa naitika.

Sasa karani wa mahakama alikuwa ameziweka karatasi zangu mbili ubavu kwa ubavu, kila moja chini ya kidole.

"Huyu ni nani, na huyu ni nani?"

"Mimi."

"Wote wawili?"

"Naam."

Hakucheka. Alinieleza taratibu kwamba lazima nile kiapo mbele ya hakimu kuwa naliacha jina la zamani na kulichukua jipya. Hati ya kiapo hicho ndiyo itakayoziunganisha karatasi zangu. Lakini hakimu atataka shahidi, mtu mzima asiyekaa nyumba moja na mimi, aliyenijua tangu nazaliwa, aseme kwamba mtoto wa kwenye cheti ndiye mimi.

"Mlete jirani yeyote wa zamani," alisema. "Si jambo kubwa."

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwenye mtaa wetu wa zamani, ambao nilikuwa nikiukwepa kwa miaka. Ndani ya nyumba yetu walikaa watu wengine. Mama wa nyumba alinikaribisha ukumbini, akanipa maji ya kunywa, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sisi wageni hapa, mwanangu," alisema. "Waliotutangulia hatukuwaona."

Nyumba ya mbele ilikuwa na kufuli lililoota kutu. Mwenye duka la pembeni alikuwa ameshahamia bara. Bibi aliyekuwa akinisuka nywele, nikaambiwa, alifariki zamani, na hata aliyenipa habari hiyo alikuwa hamjui, alisikia tu. Nilikaa kwenye baraza yetu kama mpita njia aliyechoka. Watu walipita, wengine wakanisalimu. Nilikuwa mtaani kwangu, na hapakuwa na hata mmoja wa kuniambia nimekua.

Jioni mama mdogo alikuwa akichagua mchele. Nilipomweleza, aliokota chuya mbili tatu, akazitupa nje.

"Yuko mtu mmoja," alisema. "Lakini sijui kama atataka kukuona."

Alikuwa mke mkubwa wa baba yangu. Nilijua tu kwamba alikuwapo kabla ya mama, na kwamba watu wazima walipomtaja walishusha sauti. Mama mdogo alisema anakaa kwao, Fumba.

Nilikwenda kwa gari ya shamba mpaka ilipoishia, nikamalizia kwa miguu. Nilimkuta uani kwake, mwanamke mwembamba, anapiga makumbi ya nazi kwa ajili ya kusokota kamba.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba." Alinitazama usoni kwa kitambo. "Kipaji hicho cha uso ni cha baba yako. Kaa, sema ulichokuja nacho."

Nilisema. Aliendelea kupiga makumbi, kisha akaliweka gongo chini.

"Unataka nende kwa hakimu niseme kwamba umezaliwa."

"Kwamba mimi ndiye yule aliyezaliwa."

"Najua kama umezaliwa. Nilikuwemo. Mama yako alikuwa juu na mkunga, mie jikoni nachemsha maji. Ukalia. Baba yako alipita mlangoni akanambia, 'Mtoto wa kike,' kama anayempa habari mpangaji. Nikafunga nguo zangu siku ile ile. Talaka ilinikuta huku."

Nikasema, "Nisamehe, Bi."

"Wewe umefanya nini? Ulikuwa umo ndani ya kanga."

Aliinuka akaniletea muhogo wa kuchemsha na chumvi. Nilipokuwa nakula akaniuliza kama kweli jina la baba yangu naliacha kabisa. Nikamwambia sina njia nyengine.

"Mie nilikuwa naitwa mke wa fulani," alisema. "Siku moja nikawa siitwi tena."

Nilingoja aseme kwamba mtu huzoea. Hakusema. Alisema tu kwamba atakuja Jumatatu.

Alikuja, amevaa buibui lililokunjuliwa sandukuni siku hiyo hiyo. Alikula kiapo kwa msahafu kwa sauti iliyosikika chumba kizima. Hakimu akamuuliza kama ananijua.

"Namjua tangu sauti yake ya mwanzo."

"Wewe ni nani wake?"

Niliona vidole vyake vikishika ukingo wa meza.

"Nilikuwa nakaa nyumba ile," alisema.

Hakimu aliridhika. Bi mkubwa akatia dole gumba, akalifuta kwa pindo la kanga chini ya buibui. Mimi nikatia saini kwa jina la zamani, kwa mara ya mwisho, na chini yake jipya. La zamani mkono uliliandika wenyewe. Lile jipya, ingawa nilikuwa nikiliitikia tangu utoto, nililiandika herufi moja moja kama mwanafunzi. Muhuri ukagongwa.

Nje nilimwomba twende kwa mama mdogo tukale.

"Siwezi kula kwa ndugu wa mama yako," alisema. "Usinione mbaya."

Nilimsindikiza mpaka Darajani, akapanda gari bila kugeuka.

Nilisoma ualimu, nikapangiwa skuli. Nilimwandikia mama kwamba barua zake sasa aziandike kwa jina jipya. Jibu lilichelewa sana. Juu ya bahasha aliliandika jina lile kwa herufi kubwa kubwa, kwa uangalifu, kama la mtu asiyemjua. Ndani aliniita mwanangu tu. Salamu za baba hazikuwamo, na barua zilizofuata pia hazikuwa nazo.

Fumba nilikuwa nikienda siku za Idi. Tulikaa uani, tukala muhogo, tukazungumza habari za mvua na bei za kamba. Baba yangu hatukumtaja tena. Alinipokea vile vile kila mara, bila furaha nyingi, lakini mkeka ulikuwa umeshatandikwa kabla sijafika.

Idi moja nilikuta mlango umefungwa. Jirani akanambia wamemzika juzi. Hapakuwa na aliyejua kama kuna mtu mjini wa kupelekewa habari. Akanipeleka matangani, kwa jamaa za marehemu. Wanawake walikuwa wamekaa ukumbini, hakuna hata mmoja niliyemfahamu. Walijisogeza wakanipa nafasi. Nilikaa nao mpaka wakati wa gari ya mwisho.