Gari Lisilokunywa Super

Ungemwona shemeji yangu Kasyoki akiosha lile gari la bosi wake, ungedhani anamwogesha mtoto mchanga. Gari lenyewe ni jeusi, refu, la Kijerumani, na viti vyake vinanukia kiatu kipya. Maji ya kuliosha aliyachota mdogo wangu Nzisa, mke wake. Aliyapata kwenye shimo alilochimba katika mchanga wa mto, kikombe baada ya kikombe. Mimi jambo hilo lilinikera na nilisema wazi, lakini Kasyoki alicheka tu. Watu wa Kathonzweni walimtania kwamba gari linakula vizuri kumliko yeye, maana super, petroli ya kawaida ya hapa kwetu, halikuionja. Lilikunywa premium, ile ya bei ya juu, na premium alikuwa akiifuata huko barabara kuu, Malili.

Hayakuwa maringo. Bosi wake ni mkandarasi wa Nairobi mwenye shamba kwetu, na siku ya kwanza ya kazi alimwambia: ukitia super humu, injini itakufa papo hapo, na kazi yako nayo. Dereva wa kwanza alikuwa amefukuzwa kwa kosa hilo. Kama injini ilikufa kweli, hakuna aliyetuambia, na Kasyoki hakuuliza. Ndivyo alivyo. Ukimpa neno, analishika mpaka mwisho. Kwa sababu hiyo Nzisa alimpenda, na kwa sababu hiyo mimi siwezi kumtazama usoni kwa muda mrefu.

Nzisa alijifungua ghafla nyumbani, mchana, mtoto wa kike mzima kabisa. Kisha damu ikakataa kukatika. Nesi wa zahanati akasema tumkimbize hospitali mjini Wote, lakini ambulensi ilikuwa imeshaenda na mgonjwa mwingine. Gari la bosi lilikuwa limeegeshwa pale uani. Kasyoki akapiga simu kuomba ruhusa, na bosi hakukataa.

"Mpeleke," alisema, "lakini usinitilie takataka kwenye tanki."

Tulimwacha mtoto kwa nyanya yake, tukamlaza Nzisa kwenye kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwangu.

Taa ya mafuta ilikuwa inawaka. Tulipofika kituo cha mafuta cha sokoni, Kasyoki alipunguza mwendo, nami nikamshukuru Mungu. Mutisya, anayeuza pale, alikuwa tayari ameshika mpira wa pampu.

"Shemeji, weka super twende," nikamwambia.

"Super itaua injini, Kavindu. Itazima huko njiani na Nzisa ako ndani. Hii imebaki itatufikisha."

"Na isipofikisha?"

"Itafikisha."

"Brathe, weka hata kidogo tu," Mutisya akamsihi dirishani. "Kutoka hapa mpaka Wote si karibu."

Kasyoki akaondoa gari. Simsingizii, saa hiyo hakuwa anaogopea kazi. Macho yake yalikuwa kwenye kioo, yakimtazama mke wake. Aliamini kwamba anamwokoa.

Gari lilizima kabla ya Wote, mahali penye vichaka vitupu. Leso zote mbili tulizomfungia zilikuwa zimelowa damu. Nzisa aliniomba maji na sikuwa nayo. Kasyoki alisimama katikati ya barabara akipunga shati, mpaka akasimama Mbaluka, mwendesha bodaboda tunayemjua. Nzisa hakuweza kuketi juu ya pikipiki, kwa hivyo Mbaluka aligeuza akaenda kututafutia mafuta kwenye maduka tuliyokuwa tumeyapita. Sijui alikawia kiasi gani. Ninachojua ni kwamba alipoondoka Nzisa alikuwa amenishika mkono, na aliporudi ni mimi niliyekuwa nimemshika.

Alirudi na super, kwenye chupa za soda. Kasyoki hakubisha. Alizimimina zote, mafuta mengine yakimwagika viatuni, akimwita Mungu wake, "Ngai wakwa, Ngai wakwa." Akawasha. Gari likaitika, likapanda kilima laini kama siku zote, likatufikisha mpaka mlango wa hospitali bila kukohoa.

Daktari alimpima Nzisa pale pale kwenye machela, kisha akamfunika uso. Nililia mpaka sauti ikaisha. Nilipotoka kumtafuta Kasyoki nilimkuta ndani ya gari, amekanyaga mafuta, injini inanguruma uwanja mzima. Askari wa lango alikuwa akimgongea dirisha, akimwambia anasumbua wagonjwa.

"Zima, shemeji," nikamwambia.

"Ngoja," akasema. Hakunitazama. "Si bosi alisema itakufa? Ngoja ife."

Nilikuwa nimetoka na matusi yangu yote mdomoni. Nikafungua mlango, nikaketi kando yake, tukangoja. Haikufa.