Nilivyokwenda Geita Kumpulizia Kabula Maji

Nilitoka nyumbani Ngokolo kwenda Geita kwa sababu wanangu wawili walikuwa hawasemezani, na mjukuu wangu Kabula alibakiwa na siku mbili tu za kujibu. Kabula amesomea maabara, wa kwanza kuvaa joho ukoo mzima. Amepata nafasi mbili za masomo: moja Uchina, moja Ulaya. Baba yake ni marehemu. Kwetu mtoto haendi mbali mpaka bibi na baba zake waliobaki wampulizie maji ya kibuyu kimoja, ndiyo baraka yake. Sasa kila mmoja wa wanangu anasema, "Asipokwenda ninakotaka, simpulizii."

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda basi, kibuyu mapajani. Kahama akaingia muuza mchele, akauliza habari ya kibuyu, nikamweleza.

"Mama, mpeleke kwa Wachina! Wale wanajenga barabara, hawahubiri."

Mwanamke wa kiti cha nyuma akadakia, "Akisema neno huko wakamfunga, barabara itamtoa?"

Walibishana mpaka wakachoka.

Saa tisa alasiri nilifika Kalangalala, pale Geita, kwa mwanangu mkubwa Ng'wandu, fundi wa mitambo. Mdogo wake Luhende, mwalimu, alikaa amempa mgongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mmekaa kama wake wenza?"

Ng'wandu akaanza. "Mama, Mchina akisema anajenga, anajenga. Mzungu anakuletea maswali."

"Kule mkubwa anatolewa kwa kura," Luhende akasema, "kesho unamkuta sokoni ananunua nyanya. Jaribu kwa Mchina!"

"Kura inaliwa?"

"Na kunyamaza je, kunaliwa?"

Mimi, kusema kweli, nilikuwa upande wa Luhende. Sikusoma, lakini mdomo wangu hakuna aliyewahi kuufunga, hata marehemu mume wangu. Nikamgeukia Kabula, aliyekuwa amekaa pembeni. "Na wewe je?" Wanangu wakatazamana. Kumbe hakuna aliyemuuliza.

"Bibi, nataka kusafisha zebaki kwenye maji ya wachimbaji. Uchina mashine zake nitazishika kwa mikono, Ulaya nitazisoma vitabuni. Najua huko nitapima maneno. Nakwenda Uchina."

Iliniuma. Nikavuta funda, nikampulizia wa kwanza. Ng'wandu akafuata, anachekelea.

"Ficha meno," nikamwambia. "Hukushinda wewe."

Luhende hakuinuka. Kabula akampigia magoti. "Baba mdogo, nikirudi nitakusimulia yote."

"Hata mabaya?"

"Hata mabaya."

Akakitwaa kibuyu, akapuliza kwa hasira mpaka blauzi ya mtoto ikaloa. Halafu akapuliza tena, taratibu.

Asubuhi yake nikapanda basi la kurudi. Njia nzima nilikuwa nawaza: hao wakubwa wanaogombea dunia wana watoto wao. Wangu walinuniana kwa ajili ya watu ambao siku ya msiba wetu hawataleta hata kuni.

Luhende bado anasema msichana amekosea. Jana kanipigia simu, anauliza kama sweta moja litamtosha huko.