Niliyosikia kwa Mama Mukwe

Mimi si mutu wa kushangazwa na kitu. Nilisema hivyo mbele ya watu wengi, na nilikuwa na haki ya kusema. Masomo yangu yaliishia mwaka wa pili wa primere, lakini niliingia katika mashimo ya zahabu kule Bambu nikiwa sijaota ndevu, udongo ukanifunika mpaka shingo, nikatoka. Kamio yangu ya kwanza ilikatika freni kwenye muteremko wa Bogoro, na mimi ndiye nilishika usukani mpaka chini. Askari walinivua viatu njiani mara tatu, na mara zote tatu muzigo ulifika. Miaka ya themanini ilipoanza nilikuwa na kamio mbili, duka, nyumba ya matofali hapa Bunia, na lugha tano kinywani: Kinande cha mama yangu, Kiswahili, Lingala ya askari, Kialur nilichokiokota nikinunua kahawa upande wa Mahagi, na Kifaransa cha ofisini, ambacho nilikipata kwa masikio yangu mwenyewe, bila mwalimu. Watu wenye diploma walikuja kwangu kuomba kazi.

Mutu mumoja tu nilimuogopa, naye ni mama mukwe, mama ya bibi niliyemuoa.

Bibi yangu ni wa Mahagi. Kwao, mwanaume na mama mukwe wake hawaonani uso kwa uso, hawali pamoja, hawaongei. Mama mukwe alipofiwa na bwana yake alikuja kukaa kwetu, nikamujengea nyumba ndogo nyuma ya ile yetu, mulango ukiangalia ukuta wa jirani. Kabla ya kuvuka uwanja nilikohoa. Akisikia, aliingia ndani. Akitaka chumvi, alimuambia bibi yangu, na bibi yangu aliniambia mimi. Tuliishi hivyo miaka saba, na kama ningekutana naye sokoni nisingejua kuwa ni yeye. Hiyo ilikuwa heshima, na ilitupatia amani ambayo nyumba nyingi za jirani hazikuwa nayo.

Kipindi kimoja cha mvua bibi yangu alishuka Kasenyi, kule ziwani, kununua samaki ya chumvi. Safari yake ilikuwa siku nane. Siku ya tatu, jirani yetu, mama mumoja wa kwetu Butembo aliyeuza mikate, aliingia dukani hata kitambaa kichwani hakuna. Alingoja muteja atoke, kisha akanisogelea.

"Baba, yule muzee wako hatoki ndani. Damu iko natoka, na tangu jana hajakojoa hata tone. Naongea naye Kiswahili, hanisikii. Kialur mimi sina."

Nilimuuliza damu inatoka wapi. Akaniangalia kama mutu anayeangalia kichaa.

"Wapi? Weye unazaa watoto watatu, unauliza wapi?"

Nilituma shofa wangu kumuchukua bibi yangu. Alirudi peke yake saa sita na matope mpaka magotini: mvua ilikuwa imekata barabara ya Kasenyi chini ya Bogoro, hakuna gari inayopita, ujumbe ameuacha kwa mutu anayeshuka kwa muguu. Watoto wangu wote ni vijana wanaume. Hakukuwa na mwanamuke wa Kialur katika nyumba yangu isipokuwa yule aliyekuwa anaumwa. Basi mama wa mikate akamubeba, akamulaza kwenye godoro nyuma ya kamio, na mimi nikageuza kioo cha ndani kiangalie juu, nisimuone njiani.

Hospitalini kulikuwa na dokta mugeni, muzungu kijana, hajamaliza mwezi. Kiswahili chake kilikuwa jambo na asante. Muuguzi wa zamu alikuwa mama wa Djugu, Kialur hakukijua. Dokta aliuliza kwa Kifaransa mugonjwa anasikia nini. Mama wa mikate alibaki inje kwenye kamio; mimi nilisimama mulangoni, mugongo kwao, na nikajibu.

Nikasema tumbo.

Aliuliza tangu lini, nikasema siku tatu. Aliuliza kama kuna damu, nikasema kidogo, ile ya kuharisha. Alitaka kumushika, mama akakaza kikwembe chake kwa mikono miwili na kugeukia ukuta. Dokta aliuliza maswali mengine kama sita, na yote niliyajibu mwenyewe, bila kumugeukia mugonjwa hata mara moja. Alitupatia kinini za kuhara na za malaria. Nikarudi nyumbani nikijisifu moyoni kwa Kifaransa kile, kwamba mutu wa mwaka wa pili wa primere ameongea na dokta wa Ulaya na hakuna aliyecheka.

Kesho yake asubuhi nilisikia sauti kutoka nyuma. Nilishasikia watu waliofunikwa na udongo wakilia chini ya ardhi, lakini hii haikuwa vile. Ilikuwa inakata, inangoja, inaanza tena. Mama wa mikate alitoka akaniambia tumbo limevimba kama ngoma, ukiligusa ni gumu, na joto la mwili unalisikia hata bila kumugusa. Aliniuliza zile kinini ni za nini. Nikaenda kuwasha kamio.

Tulirudi hospitalini. Dokta alimuangalia usoni tu, akaanza kufanya haraka. Wakamuita muuguzi mwanaume, mutu muzima, Mualur wa kutoka milima ileile ya mama mukwe. Alimusalimia vizuri, kwa adabu ya kwao. Alipotaja ukoo wake, mama alifunga macho na mudomo, na hakufungua tena. Wakaleta wanawake wawili wa Mahagi waliokuwa wanauguza watoto wao katika wodi. Vilevile. Dokta alijaribu kufungua kikwembe, naye, mutu ambaye hakuwa na nguvu ya kukaa, alimupiga kiwiko cha kifua.

Dokta akatoka kwangu kwenye veranda, akaniita mwananchi, kama ilivyoamriwa siku zile.

"Sitwayen, huyu mama anakufa, na mimi sijui anakufa na nini. Nani anajua?"

Nilimuambia nitalipa. Nilimuambia nina kamio mbili, achukue moja, auze, atafute dokta mwingine, ndege, chochote. Maneno yalikuwa yananitoka ovyo, Kifaransa na Lingala pamoja. Akaniuliza tena, polepole, kama vile sikusikia: nani anajua? Bibi yangu alikuwa anajua, baadaye nilielewa, na aliapishwa asiseme. Lakini bibi yangu alikuwa ngʼambo ya matope. Nilishika nguzo ya veranda. Kuna saa mutu anaangalia vitu vyote alivyojenga na haoni hata kimoja cha kushika. Nilimuwaza bibi yangu akishuka kwenye gari na samaki zake, akiuliza mama yangu iko wapi, na mimi nikijibu nilisema tumbo.

Mama wa mikate akanivuta shati. "Muzee wako anakuita."

Niliingia nyumanyuma, uso kwenye ukuta. Wote wengine dokta aliwatoa, akabaki yeye na yule mama wa Djugu. Nikasikia sauti ya mama mukwe. Ilikuwa nyembamba kuliko nilivyofikiri.

"Baba ya watoto. Wale watu wa kwetu watabeba habari yangu bure mpaka kijijini, na hakuna wa kuwalipisha. Weye ukisikia, unalipa. Ukishalipa, imekwisha. Kwa hiyo utasikia weye."

Nikasema, "Nitasikia, mama."

Dokta akaanza. Swali la kwanza: kuna kitu kinatoka inje? Hapo nikagundua umasikini wangu. Kialur changu kilikuwa cha kahawa na samaki, na maneno ya mwili niliyokuwa nayo niliyapata kwa wachukuzi wakitukanana. Nikamuambia mama, sina neno la heshima la kitu hicho.

"Sema lile unalolijua," akasema. "Leo hapa hakuna heshima."

Nikalisema. Ukuta ulikuwa na rangi ya kijani inayobanduka, nililisema kwenye ukuta.

Akajibu. Nyumba ya mutoto ilianza kushuka alipozaa mutoto wa mwisho. Mwanzo ilikuwa ndogo, anairudisha na vidole akilala. Kisha kila akibeba kuni ilishuka tena. Miaka sasa anatembea nayo imefungwa na kitambaa, na ili akojoe lazima kwanza aisukume ndani kwa mukono. Siku tatu zilizopita ilivimba, ikakataa kurudi. Inatoka damu, na inanuka. Ndiyo sababu alikuwa anakula peke yake. Mimi nilifikiri ni kiburi cha watu wa Mahagi.

Kifaransa cha hayo sikuwa nacho hata kidogo. Nilinyoosha ngumi yangu nyuma ya mugongo, kumuonyesha dokta ukubwa, nikasema ya ndani iko inje, haikojoi, inaoza. Nikasikia ameacha kuandika.

Halafu akauliza kama damu ilikuwa inatoka pia akilala na mwanaume. Nikamuambia hilo siulizi. Akasema lazima. Nikamuambia huko Ulaya labda, hapa hapana. Akasema sitwayen, uliza. Jasho lilikuwa limenishuka mpaka kwenye mukanda. Nikauliza.

Nikasikia kitanda kikilia, anajigeuza upande wangu.

"Muambie bwana yangu yuko chini ya udongo miaka saba," akasema. "Kama anarudi usiku, mimi bado sijamusikia."

Mama wa mikate alikuwa amejibanza mulangoni. Aliniuliza amesema nini, na mimi nilikuwa nacheka na machozi yakinitoka, paji la uso kwenye ukuta.

Mwisho dokta akaomba ruhusa amuangalie. Mama akasema ndiyo, lakini mukwe atoke. Kabla sijatoka, dokta akaniuliza jambo moja. Jana uliniambia tumbo. Ni yeye alikuambia tumbo? Nikasema sikumuuliza. Hakunigombeza. Aliandika tu kwenye karatasi yake, muda mrefu, na mpaka leo natamani angenigombeza.

Waliweka mupira mwembamba, na mukojo ukajaza beseni. Nilisikia kutoka veranda. Upasuaji haukuwezekana siku ile kwa sababu ya joto la mwili na kile kilichokwisha kuoza. Tulingoja siku tano. Siku mbili kati ya hizo dokta alipita mbele yangu bila kuniangalia, nami nikajua maana yake: mama anaweza kufa. Bibi yangu alifika siku ya pili, kwa muguu kutoka Bogoro, samaki zote ameziacha. Nilimuambia yote, na la tumbo pia. Alikwenda kukaa karibu na kitanda cha mama yake, na mimi nililala kwenye kamio.

Wakamupasua, wakatoa kizazi. Akaishi.

Siku ya kutoka hospitalini alikataa kuingia uwanjani kwangu. Alikaa kwa mama wa mikate, akatuma ujumbe Mahagi, wakaja kaka yake na kaka ya marehemu bwana yake. Wakaketi nami sebuleni kwa mama wa mikate, mama mukwe kiambazani upande wa inje, dirisha limefunguliwa. Kaka yake akamuuliza kuna nini kati yake na mukwe.

"Amesikia," akasema.

Wale wazee hawakuuliza amesikia nini. Wakataja malipo: mbuzi jike ambaye hajazaa, mbuzi dume wa kula pamoja, kikwembe, sabuni na chumvi. Mimi, ambaye hata kibiriti nakigombania bei, sikupunguza kitu. Nikawaambia kuna jingine: siku ya kwanza nilisema tumbo, bila kumuuliza, ili nisisikie. Wakaangaliana. Kaka yake akasema kwa hilo wao hawana bei, hawajawahi kuliona, nibaki nalo.

Basi nikalipa lile lenye bei: mbuzi jike mia saba, dume mia sita hamsini, kikwembe mia nne themanini, sabuni na chumvi makumi ine na tano, zote pamoja zaire elfu moja mia nane sabini na tano.