Yule Mwanaume wa Kwenye Simu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa suruali iliyopigwa pasi mpaka ikakaribia kusimama yenyewe, na viatu vya marehemu baba vilivyonizidi ukubwa. Nilidhani nitashushwa shimoni, kule kwenye mgodi wa Mashamba, hapa Kolwezi, nikashike koleo kama wengine. Badala yake nilipandishwa kwenye kibanda cha mbao kilichojengwa ukingoni mwa shimo. Ndani mlikuwa na dirisha pana, kiti kibovu, na foni. Foni ni redio ya kazi: unabonyeza kitufe unasema, unakiachia unasikiliza. Kwa foni ile niliongoza malori ya mawe ya shaba, lipi lishuke, lipi lingoje kwenye kona, lipi lipande na mzigo wake. Nyinyi vijana leo mna skrini inayowaonyesha kila lori lilipo. Sisi tulikuwa na masikio tu.

Mkuu wa zamu, tuliyemwita chefu wa posti, alikuwa mzee mnene asiyecheka kabla ya chai ya saa nne. Alinikalisha, akaniwekea foni mkononi.

"Mutoto, unafikiri foni njo kinywa?"

"Ndiyo, chefu."

"Hapana. Foni njo sikio. Shofere akikwambia kitu, rudilia kwanza maneno yake, ajue kama umesikia. Kisha njo utajibu. Na kama hakuna mutu anasema, wee pia nyamaza. Foni ikinyamaza, kazi iko bien, iko muzuri."

Sheria ya kwanza niliijua thamani yake kwa aibu. Dereva mmoja aliniambia amesimama kwenye kona ya tatu, gurudumu limepasuka. Mimi nilikuwa nawaza mambo yangu, nikamjibu "ndiyo, ndiyo," nikateremsha lori jingine palepale. Madereva walikuwa hodari, hakuna aliyeumia. Chefu wa posti hakunigombeza. Alinituma kwa miguu nikapime kwa mkono nafasi iliyobaki kati ya yale malori mawili. Nikarudi nikamwambia ni shibiri tatu.

"Basi ile njo ukubwa ya 'ndiyo, ndiyo' yako," akasema, akaendelea na chai yake.

Tangu siku ile sikuwahi kumjibu mtu kwenye foni kabla ya kumrudishia maneno yake. Sheria ya pili, ile ya kunyamaza, sikuiona ubaya wowote. Kazini ni ya kweli kabisa. Kosa langu, na nimewaona wengine wengi wa kazi yetu wakilifanya, ni kwamba niliibeba mpaka nyumbani.

Baada ya miaka sita nilihamishiwa Tenke, kuongoza treni. Pale chefu wa gare, yaani mkuu wa stesheni, alikuwa mtu mwembamba, msafi, aliyetuamuru tufute simu kwa kitambaa kila asubuhi kabla ya kuigusa. Huko ndiko nilikomwoa Mama Odile, msichana wa kwaya ya parokia, mwenye masolo, yaani mazungumzo, yasiyokwisha. Nilimpendea masolo hayo. Kisha nikarudishwa Kolwezi, safari hii kwenye mgodi mwingine, wa malori makubwa kama nyumba. Nikawa naondoka alfajiri na kurudi mdomo umechoka. Nilikula, nikalala. Yeye naye polepole akaacha kunisimulia.

Mtoto wetu wa pili, Fidèle, aliyemfuata binti yetu Odile, alifariki kwa homa akiwa na miaka minne. Tulimzika, tukakaa kilio, nikarudi kibandani. Jina lake halikutajwa tena nyumbani. Mimi nilisema moyoni: nyumba imenyamaza, basi mambo yako sawa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mimi nilimsikiliza chefu wa posti kuliko wahenga.

Halafu ikaja ile korona. Asubuhi moja nilikuwa zamu, na kwenye mfuko nina viazi vitamu vilivyochemshwa, basi. Mkuu wa kambi ya mgodi akatukusanya uwanjani, akapanda juu ya kasha la vyuma.

"Bale beko ndani, babakie ndani. Bale beko inje, babakie inje. Konfinema inaanza leo."

Konfinema ni kufungiwa: waliomo wasitoke, walio nje wasiingie. Tulidhani ni siku mbili. Tukalala ndani ya uzio ule zaidi ya miezi miwili, vitanda vimepangwa kwenye mabohari, shati moja nikilifua na kulivaa kabla halijakauka. Nisidanganye: wako walioumia kuliko mimi. Fundi mitambo aliyelala kitanda cha pili kutoka changu, mpaka leo hapati usingizi bila mlio kama ule wa mitambo ya usiku. Mkewe humwachia redio inayokoroma bila stesheni, na anasema ameolewa na wanaume wawili wanaokoroma. Mchomeleaji mmoja mpaka leo ukimpa mkono anakupa kiwiko, na kwenye kilio huweka kiti chake karibu na barabara, peke yake. Tunamtania, lakini tunajua. Jambo lile liliisha kwenye matangazo, kwenye miili yetu bado lipo.

Mimi langu lilianzia nyuma ya mabafu. Hapo ndipo mtandao ulipokuwa mzuri, na kila jioni saa kumi na mbili nilisimama pale nikimpigia Mama Odile. Siku za kwanza tulisalimiana tu. Lakini simu ikiwa sikioni na mtu simwoni, mwili wangu ulijiona uko kazini. Akisema bati la jikoni linavuja, mimi nasema, "Bati ya jikoni inavuja." Kisha nangoja. Na yeye, akishasikia kwamba nimesikia, anaongeza. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza alikuwa amenisimulia mambo ya miaka kumi.

Jioni moja akasema, "Kila mwaka, siku ya Fidèle, naendaka ku makaburi. Peke yangu. Nakwambiaka naenda ku soko."

Nilishika ukuta wa bafu. "Kila mwaka unaendaka ku makaburi," nikasema, "peke yako."

"Ndiyo, Tata Odile."

Alilia, na mimi nililia, na waliokuwa wamepanga foleni na ndoo zao wakageuka kutazama kwingine. Nakiri kwamba siku hizo za kufungiwa nilikuwa na furaha ambayo sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, wakati wenzangu wanahesabu siku?

Uzio ulipofunguliwa nilirudi nyumbani nikidhani narudi kwenye masolo yale. Niliketi kwenye kiti changu. Mama Odile akaketi mbele yangu. Tukatazamana kama wageni wawili kwenye chumba cha daktari. Nilipoona uso wake, maneno yaligoma. Siku zikapita, wiki zikapita, nyumba ikarudia kimya chake, ila sasa wote wawili tulijua ni kimya cha nini. Mwishowe akaanza kukunja nguo zake.

"Dada yangu wa Tenke ananiita," akasema. "Nitaenda. Pengine nitabakia kule."

"Juu ya nini?"

"Tata Odile, ule mwanaume wa ku simu njo nilikuwa nangojea. Huyu alirudia hapa, mi simujue."

Nilitoka nje, nikazunguka nyumba mpaka kwenye ukuta wa nyuma, nikatoa simu. Nilimsikia ndani akitafuta yake kati ya nguo.

"Alo? Uko fasi gani?"

"Niko ku nyuma ya nyumba."

Nilisikia kiti kikivutwa ndani, nisijue anaketi au anaondoka, nikaogopa kuliko siku ya yale malori.

"Basi sikiliza," akasema.

Tulizungumza mpaka miguu yangu ikafa ganzi. Kesho yake hivyo hivyo. Alikwenda Tenke kweli, akakaa wiki moja, akarudi na unga wa mihogo. Tangu hapo, kila jioni mimi hukaa nyuma ya nyumba kwenye kigoda, yeye jikoni, na kati yetu kuna ukuta wa matofali ambao kuku anauzunguka kwa dakika moja. Odile, binti yetu, alipotutembelea alidhani tumegombana. Majirani wanacheka, na wana haki. Mimi sijali, chakula kiko motoni na mke wangu yuko nyumbani.

Nilistaafu mwaka juzi. Mgodi ulinipa kofia, cheti na hotuba ndefu ambayo mkurugenzi aliisoma akikosea jina langu mara mbili. Vijana wa skrini huja kuniuliza kazi yetu ilikuwaje, na mimi huwaambia haya ya malori na treni, lakini huwaambia pia wasilete ukimya wa kazini mezani. Wengine hucheka. Mmoja, aliyeoa juzi, hakucheka.

Mwaka huu, siku ya Fidèle ilipokaribia, Mama Odile aliniuliza kwenye simu, "Utaenda na mi?" Nikasema nitaenda. Usiku ule sikulala vizuri, maana makaburini hakuna ukuta.

Tulifika asubuhi. Alipiga magoti akaanza kung'oa majani kuzunguka msalaba, mimi nikasimama nimeshika kofia. Mkono wangu ulikwenda wenyewe mfukoni, kwenye simu. Akauona.

"Wacha ile," akasema. "Mi niko hapa."

Nikaiacha. Nilimtazama, shingo yake, mikono yake yenye udongo, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikalitaja lile jina mbele ya macho yake.

"Fidèle alikuwa anaogopa kuku."

Mikono yake ilisimama.

"Haikuwa kuku," akasema polepole. "Ilikuwa ile jogoo ya jirani." Akafuta macho kwa kiwiko. Alikuwa anacheka. "Sema ingine."

Nikasema ingine, na ingine, naye akanisahihisha zote, mpaka mlinzi wa makaburi akaja kutuambia kwamba anataka kufunga lango.