Timu ya Sweden Iliyokuwa Inirudishe Tanga

Timu yangu ya mpira iko katika mji mdogo wa Sweden nilikoosha vyombo kwa majira mawili ya baridi, nikiwa kijana mwenye cheti cha kidato cha nne na imani kwamba dunia inanisubiri. Dunia ilikuwa na shughuli zake, ila kantini ya kiwanda cha mbao ilihitaji mtu wa masufuria. Jumamosi moja wafanyakazi wa kiwandani walinipeleka uwanjani, wakanipa koleo la kuondolea theluji, na nilipomaliza upande mmoja wakanivisha skafu ya timu. Nikawa shabiki. Wenzangu wamerithi timu kwa baba zao; mimi yangu niliipata kwa kuzoa theluji.

Vibali vilipokwisha niliondoka, nikazunguka Athens, Maputo na Durban, hadi nikatua Johannesburg, ghorofa ya saba ya jengo moja la Joubert Park. Nina tabia ya kupapenda mahali nikishapaacha. Nikiwa Sweden niliililia Tanga, nikiwa Durban nikaililia Sweden ambayo nilipokuwapo nililalamika baridi asubuhi na jioni. Timu ndiyo kitu pekee nilichofanikiwa kuondoka nacho kila mahali, labda kwa sababu haina uzito na haiulizwi kwenye forodha.

Historia yake naijua kuliko ya ukoo wangu. Ilianzishwa na wapasua mbao. Ilipanda ligi kuu mara moja, kabla sijazaliwa, ikakaa msimu mmoja, ikashuka. Tangu hapo imekuwa ikipanda daraja la kwanza na kushuka la pili kama mtu aliyesahau kitu ghorofani. Mwaka mmoja ilishuka kwa tofauti ya bao moja, na wazee wa kiwandani walinisimulia bao hilo kwa sauti ya chini, kofia mikononi, kama watu waliotoka makaburini.

Nami niliisimulia historia hiyo katika hema la kinyozi, pembeni mwa bustani ya Joubert Park. Kinyozi alikuwa Mkongo wa Bukavu, mwenzangu wa chumba, na wateja wake hawakuwa na pa kukimbilia maana mashine ilikuwa kichwani.

"Yaya," aliniambia siku moja, kama kwao wanavyomwita kaka, "hii ekipe yako inapandaka tu ili ipate fasi ya kushukia."

"Angalau inapanda. Lifti ya jengo letu ilishuka mwaka juzi, haijaonekana tena."

Hema zima lilicheka. Nilijiona mtu wa maana. Nawaomba msome yanayofuata mkijua kwamba mtu huyu alijiona wa maana.

Mama alikuwa Tanga, na kila Ijumaa baada ya swala nilimpigia simu. Swali lake lilikuwa moja: unakuja lini? Nilikuwa nimeshatumia majibu yote. Kazi nilikwishaitumia, pasipoti nilikwishaitumia mara tatu, hata mafua. Ijumaa moja ya mwaka 2015 dada yangu aliichukua simu, akatoka nayo uani.

"Mama ana presha ya macho," alisema. "Daktari kasema kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinalindwa kwa dawa, lakini kinapungua. Anataka akuone, kaka. Akuone kwa macho."

Mtu mwenye akili angekwenda kutafuta basi. Lakini mimi niliondoka Tanga kama mtu wa Ulaya. Mtaa mzima ulinisindikiza, shangazi akapiga vigelegele, mwalimu wangu wa madrasa akanisomea dua ndefu mpaka gari likapiga honi. Sasa nilikuwa mpakiaji wa maboksi katika ghala moja la Midrand, mwenye zaidi ya miaka arobaini na kipara ambacho kinyozi alikihudumia kwa huruma. Nitashukaje pale na begi la mgongoni?

Basi dada aliporudisha simu kwa mama, nikasikia mdomo wangu ukisema: "Mama, naweka nadhiri. Timu yangu ya Sweden ikipanda ligi kuu, nafunga mizigo narudi."

Timu ilikuwa daraja la pili. Ilihitaji kupanda mara mbili. Nilikuwa nimejiwekea nadhiri ya kuoga siku mto utakapopanda mlima.

"Nadhiri, mwanangu?"

"Nadhiri, mama."

"Wanacheza na nani wiki hii?"

Hapo ndipo nilipokosea. Kwetu nadhiri haitamkwi ovyo, na mama yangu si mtu wa kuiacha nadhiri ya mwanawe ijiendee yenyewe. Alianza kufunga Jumatatu na Alhamisi kwa ajili ya timu ya Wazungu. Alikaanga maandazi akawapa watoto wa madrasa waiombee. Hakuwahi kutazama mechi hata moja maishani, lakini Ijumaa zetu zikawa za mpira mtupu.

"Na hao wapinzani," aliniuliza, "wana mtu wa kuwaombea?"

"Sidhani, mama. Si watu wa dua sana."

"Basi Mungu atatusikia sisi."

Na akamsikia. Mwaka huohuo timu ilipanda daraja la kwanza. Niliruka ndani ya hema hadi nikaangusha chupa ya spiriti, na nilikuwa nimefika mtaa wa pili na furaha yangu ndipo nilipokumbuka kwamba nusu ya safari ya Tanga ilikuwa imekwisha.

Mwaka 2016 ilihangaika, ikanusurika. Nikapumua. Mwaka 2017 ikapata mshambuliaji mrefu ambaye alifunga kwa kichwa kila kitu kilichopita hewani, na kufikia Oktoba kinyozi alikuwa ananiangalia kwa jicho jipya. Kitanda changu kilikuwa cha dirishani, chake cha mlangoni, na godoro langu alikuwa akilitamani siku nyingi.

"Yaya, ile matela yako iko nzito? Nitaibeba peke yangu ao niite mtu?"

Timu ikapanda ligi kuu. Nilisoma habari kwenye simu mara nne, kwa Kiswidi changu cha kuoshea vyombo, nikitumaini nimekosea. Sikukosea. Nilipompigia mama, alikuwa na habari tayari. Dada alikuwa amejifunza kufuatilia. Nyuma yake nilisikia masufuria na wanawake wengi. Alikuwa amepika pilau ya shukrani, ameita majirani wote, na kila aliyeingia alimwambia sentensi moja: timu ya mwanangu imepanda, anarudi.

"Unafika lini?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi hakuuliza kwa unyonge.

Nikasema ngoja mkataba wa ghala uishe. Mwezi uliofuata nikasema ngoja pasipoti. Kisha, na hili naliandika uso ukiniwaka, nikamwambia kwamba kupanda si kupanda mpaka timu itulie. Tuwape msimu mmoja.

"Aa," mama alisema. "Sikujua kama kuna kutulia."

Majirani waliendelea kumuuliza. Dada aliniambia baadaye kwamba mama aliwajibu wote: bado wanatulia.

Hawakutulia. Mwaka 2018 ligi kuu iliwakanyaga. Mshambuliaji mrefu aliuzwa, na mipira ikawa inapita hewani bila mtu. Waliposhuka nilimpigia mama, na nasikitika kusema sauti yangu ilikuwa nyepesi kama ya mtu aliyeachiwa huru na mahakama. Yeye hakuisikia, au aliisikia akaisamehe.

"Pole sana, mwanangu," alisema. "Najua unavyowapenda. Usikate tamaa. Mimi sijachoka."

Nilikaa ngazini, ghorofa ya nne, nusu saa nzima. Watu wakanipita wakidhani napumzika.

Mwaka 2019 timu ilimaliza ya tatu daraja la kwanza, na nafasi hiyo huleta mchujo: mechi mbili na timu iliyokuwa ikining'inia mwishoni mwa ligi kuu. Ya kwanza walitoka sare. Ya pili ilikuwa mchana wa Jumapili, nami nikaipeleka simu hemani, tukaiegemeza kwenye kioo. Palikuwa na kinyozi, palikuwa na Mzanzibari mmoja muuza viatu aliyenyolewa kila Jumapili hata kama nywele hazijaota, na mimi na skafu yangu.

Hadi dakika ya themanini bado ilikuwa bila kwa bila. Nilikuwa nimejikunja kama mwenye tumbo. Kisha wapinzani wakapata kona, mpira ukagonga kisigino cha mtu, ukaingia. Nilikuwa nimesimama, mikono juu, nimepiga kelele kabla sijajua.

Mashine ya kinyozi ilizimwa.

"Yaya," alisema taratibu. "Ile goli uliruka nayo, ilikuwa ya nani?"

Mzanzibari, nusu ya kichwa chake kimenyolewa, aligeuka kunitazama. Nilikuwa na skafu shingoni. Katika historia yote ya timu ile, na wapasua mbao wake, na wazee wake waliovua kofia kwa bao moja, nadhani mimi ndiye shabiki wa kwanza aliyeishangilia ikifungwa. Na kule Tanga, saa ileile, mama alikuwa juu ya msala akiomba kinyume changu.

Mechi ikaisha hivyohivyo. Sikuwa na uso wa kumwangalia kinyozi, kwa hiyo nikamuuliza Mzanzibari, ambaye tulimfanya sheikh wetu kwa sababu hapakuwa na mwingine. Niliuliza kwa mzunguko: mtu aliweka nadhiri, sharti likatimia mwaka juzi, naye hakutimiza. Afanyeje? Hakuna kafara? Kufunga siku tatu, kulisha maskini kumi?

"Kafara ipo," alisema. "Wataka kufunga hizo tatu?"

"Nataka."

"Haya. Ukishazifunga, mamako atakuwa kakuona?"

"Wewe umejuaje kama ni mimi?"

"Bwana we, Joubert Park nzima yajua. Mkongo huyu kashapima godoro lako."

Niliogopa kupiga simu jioni ile, lakini kutopiga kungekuwa kukiri. Nikampigia, nikaanza: "Mama, leo hatukubahatika..."

"Nimesikia. Sasa nisikilize mimi." Sauti yake haikuwa na hasira, ndilo lililonitisha. "Ile timu nimeiondoa katika dua zangu. Nimewaonea watoto wa watu. Wanakimbia kwenye baridi, wana shida zao, mimi nawabebesha na kazi ya kukurudisha wewe. Wao wamepanda, wewe hukuja. Wameshuka, hukuja. Kosa lao nini?"

Niliivua skafu shingoni.

"Jicho la kushoto limekwisha tangu Ramadhani," alisema. "Nilimkataza dada yako kukwambia. Nilitaka uje kwa furaha ya mpira, usije kwa jicho langu. Sasa dada yako kanipeleka kupiga picha ya pasipoti. Kuna basi linatoka Dar linakuja huko. Nitakuja mimi, nikuone, nirudi."

"Mama, ni siku nyingi njiani. Kuna mipaka mitatu, minne."

"Nitauliza watu."

Ninamjua. Mwanamke aliyefunga Jumatatu na Alhamisi miaka minne kwa ajili ya daraja la kwanza la Sweden angefika Park Station, stesheni kuu ya Johannesburg, na kikapu chake, akiuliza watu. Nilimwona akishuka ngazi za basi kwa kupapasa. Nikamwambia asiende popote. Kesho yake nikaaga ghalani, na Jumatano nilikuwa kwenye basi, begi mgongoni, kama lilelile nililoliogopa. Kinyozi alinisindikiza hadi mlango wa stesheni. Hakunitania hata mara moja, mpaka nikamwomba anitanie, akasema leo hapana, yaya, enda tu.

Nilifika Tanga saa nne asubuhi. Yote niliyoyaogopa yalikuwapo: mtaa, macho, wanawake mlangoni. Ila walikuja na jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Jirani mzee, fundi baiskeli, alinishika mkono kwa mikono miwili, akaniambia kwa huzuni ya kweli, "Pole na mchujo, bwana mdogo. Kisigino kile kimetuumiza." Nyuma yake mwingine akauliza kama yule mshambuliaji mrefu hawezi kurudishwa. Miaka minne mama alikuwa amewasimulia, na hakuna aliyeniuliza nimeleta nini, wala kwa nini kichwa changu hakina nywele. Niliwaambia tulionewa na kona. Nimekuwa mwongo hata kizingitini kwa mama yangu.

Alikuwa amekaa kitandani, kanga mpya, kichwa kimeinama upande kama anayesikiliza. Nilipiga magoti. Akanishika kidevu, akanivuta kuelekea mlangoni.

"Geuka huku, kwenye mwanga."

Nikageuka.

"Zaidi. Hapo. Usitikisike."

Alinitazama kwa jicho la kulia muda mrefu, kidole gumba chake kikipita juu ya nyusi, shavu, kipara. Nilijitahidi kutolia, nikashindwa, akaifuta ile michirizi kwa upindo wa kanga ili isimzuie kuona.

"Umezeeka," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kaa hivyo hivyo kwanza. Sijamaliza."