Kitabu cha Getini Mbele ya Wasuluhishi

Nina ugonjwa wa kucheka nikiogopa. Nilicheka kwenye mazishi ya shangazi, nikacheka siku ya mtihani wa taifa, na mwishoni mwa miaka ya tisini nikacheka mbele ya wasuluhishi watatu waliopanda ndege kutoka ng'ambo kuja Kajiado kuamua kesi ya bima. Mpaka leo nikikumbuka siku ile nashika mbavu.

Nilikuwa karani wa getini katika shamba moja la maua nje ya Kitengela. Niliandika wageni kwenye kitabu kikubwa: tarehe, saa, jina, na kwenye safu ya mwisho, sababu ya kuja. Kazi niliipenda, maana nilikaa kivulini nikaona kila mtu. Safu ya mwisho ndiyo iliyonitesa. Mimi ni mzaliwa wa Machakos, na Kimaa nilijua salamu tu. Wazee wa Kimaasai nao salamu zao hazina haraka: watu wa nyumbani, mifugo, mvua, nyasi, wagonjwa, barabara. Kumkatiza mtu katikati umwulize amekuja kufanya nini ni kukosa adabu, na ukingoja amalize, nyuma yake malori matatu yanapiga honi. Basi nikajitafutia njia ya mkato. Mzee akija na shuka nyekundu nilimsalimia vizuri, nikaandika "ng'ombe", nikafungua geti. Kwa miaka mitano hakuna mtu aliyesoma kitabu kile.

Halafu tangi la dawa ya maua likapasuka upande wa chini, na hakuna aliyejua ni siku gani. Dawa iliteremka hadi kwenye kijito, na ng'ombe kumi na mmoja wa mzee jirani yetu wakanywa wakafa. Ndio waliokuwa wote, ukiacha ndama mmoja aliyebaki zizini. Mzee tulijuana naye, na mke wake ndiye aliyetuletea maziwa getini kila asubuhi, mpaka asubuhi ambayo hakuwa na maziwa ya kuleta. Mkurugenzi wetu, Mzungu mpole asiyeweza kumtazama mtu usoni, alimwambia mzee kwamba shamba lina bima ya madhara kama hayo, na kampuni ya ng'ambo italipa anunue ng'ombe wengine. Mzee akasema atangoja.

Kampuni ikakataa. Mkataba ulisema shamba liwaarifu ndani ya siku kumi na nne tangu kujua kuna madhara. Sisi tulipeleka faksi siku tatu baada ya mzee kuja kutuambia msiba wake. Lakini mpelelezi wao alikuwa amepiga picha kitabu changu, na humo mzee huyo huyo alionekana amepita getini wiki tatu kabla ya faksi, sababu ya kuja: ng'ombe. Basi mlijua mapema mkanyamaza, walisema. Mkataba huo ulisema pia kwamba ugomvi wa namna hiyo hauendi kortini. Kila upande unachagua msuluhishi mmoja, hao wawili wanamchagua mwenyekiti, na wakiamua imekwisha. Kesi yenyewe ilikuwa ya Ulaya, ila mashahidi wetu hawakuwa na pasipoti, kwa hiyo wasuluhishi wakakubali kuja kuwasikiliza Kajiado, kwenye ukumbi wa gesti.

Ukweli niliujua mimi. Siku ile ya kwanza mzee alifuata nailoni kuukuu, ile tuliyokuwa tukibandua kwenye paa za nyumba za maua. Nusu ya Kitengela ilizuia mvua kwa nailoni zetu. Ng'ombe wake walikuwa wazima kabisa. Nilinyamaza miezi minane kwa sababu shambani kwetu aliyeandika uongo kitabuni alifukuzwa siku hiyo hiyo, nami nilikuwa nimeandika uongo miaka mitano mfululizo. Niliogopa, na nilijichukia kwa kuogopa.

Ukumbi ulikuwa bado na mapambo ya harusi ya Jumamosi. Mwenyekiti alikuwa mama mzee wa ng'ambo aliyening'iniza miwani kwa kamba, na mkalimani wake mwalimu mstaafu wa pale pale mjini. Mzee alitangulia kutoa ushahidi. Alipoulizwa jina, alianza kwanza kumwuliza mwenyekiti habari za safari, za watu wa nyumbani na za mvua ya kwao. Mwenyekiti akajibu swali moja baada ya jingine, akaeleza hadi hali ya nyasi. Wakili wa bima, aliyevaa suti nzito ya sufu kwenye joto lile, alitazama saa. Kicheko kilianza kunipanda hapo, nikauma leso.

Mzee akasema alifuata nailoni. Wakili akamjibu kwa heshima kwamba yeye ndiye wa kulipwa, angesema nini kingine?

Kisha nikaitwa mimi. Wakili alinisifu kwanza kwamba mwandiko wangu ni safi na mimi ni karani makini. Mkalimani akaniletea swali lake: "Anauliza, hii kitu uliandika, ni mgeni ndiye alikuambia?"

Nikamtazama mzee. Alikaa mstari wa mbele na mke wake, fimbo mapajani, ananitazama bila hasira yoyote. Kicheko kikanitoka.

"Hapana," nikasema. "Hakuniambia. Mimi huandika ng'ombe tu."

"Mwenyekiti anauliza, tu namna gani."

"Mtu akikuja na shuka nyekundu, naandika ng'ombe."

Mwenyekiti alivaa miwani, akaomba kitabu chenyewe, akaufungua ukurasa wowote na kuniambia nisome. Nikasoma. Ng'ombe. Ng'ombe. Maziwa. Ng'ombe. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja: na huyu?

"Huyo ni pasta. Alikuwa analeta kadi ya harambee."

Na huyu?

"Ni mwalimu. Alikuwa anatafutia msichana wake kazi."

Na huyu, alikuwa na ng'ombe?

"Huyo ni fundi wa simu," nikasema. "Alikuwa amevaa sweta nyekundu."

Mkalimani alishindwa kuitafsiri sweta ile. Alianza mara tatu, mabega yanamtikisika. Alipofaulu, mwenyekiti alijifunika uso kwa karatasi, na msuluhishi aliyechaguliwa na bima akatoka nje akisema anakwenda kukohoa. Mzee, alipoelezwa kwa Kimaa, alicheka mpaka fimbo ikaanguka. Mimi nilicheka huku machozi yananitoka, nikiwa mwepesi kuliko nilivyokuwa miezi minane yote. Mkurugenzi peke yake hakucheka, nikajua kazi nimeipoteza.

Uamuzi ulikuja kwa posta baada ya mvua. Bima ilipe, ng'ombe wote kumi na mmoja. Waliandika kwamba karani wa getini wanamwamini, kwa sababu hakuna mtu ambaye angejitungia aibu kama ile. Mkurugenzi hakunifukuza. Alinihamishia kwenye chumba cha kufungashia maua, ambako hakukuwa na kitabu wala kalamu, nikamshukuru kwa dhati.

Jumamosi nilikwenda na nakala bomani kwa mzee, karibu nakimbia. Yeye alikuwa ameshakwenda soko la Bisil kutazama mitamba, nikamkuta mke wake. Nilimsomea nikimtafsiria kwa Kiswahili, naye akashangilia kimya kimya, kiganja mdomoni. Nilipofika penye habari zangu akanisimamisha.

"Kwa hivyo miaka hiyo yote haukuuliza mtu hata mmoja kitu amekuja kufanya."

"Sikuuliza, mama."

"Na mimi uliniandika nini?"

"Maziwa."

Alinimiminia chai, akaketi mbele yangu, shanga zake zikatulia kifuani. "Haya, niulize sasa."

Niliona haya hadi masikio yakawaka. Nilimwuliza swali jepesi kuliko yote, kwao ni wapi.

Entarara, akasema, kule Loitokitok, kwenye shamba la mahindi na maharagwe, na baba yake alihamia huko kutoka Machakos. Yote hayo aliniambia kwa Kikamba, Kikamba cha mama yangu, ambacho miaka mitano pale getini nilikuwa sina mtu wa kukizungumza naye. Lafudhi yangu aliitambua siku ya kwanza kabisa, akasema, akawa anangoja nimsemeshe.